Siku 11 za London, miaka 8 ya Dar es Salaam

Tarehe 5 Februari 1971 Uingereza ilitangaza kuwa inaitambua serikali ya Idi Amin. Redio Uganda ilikuwa imesoma tangazo la mapinduzi Januari 25, kwa hiyo zilikuwa zimepita siku 11 tu. Miaka saba kabla yake, Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika Januari 12, 1964, na Uingereza hiyohiyo, pamoja na Marekani, haikuitambua serikali ya Mzee Karume mpaka Februari 23. Hizo ni siku 42.

Nimezitanguliza tarehe hizo kwa makusudi. Kila serikali inapopinduliwa popote duniani, wasemaji wa wizara za mambo ya nje hutuambia kwamba kuitambua serikali mpya ni suala la kuangalia hali ilivyo: nani ameshika mji mkuu, nani ana redio, nani ana uwanja wa ndege. Basi tuangalie hali ilivyokuwa. Unguja ilikuwa mikononi mwa wanamapinduzi ndani ya siku chache, na Sultani Jamshid alikuwa ameshakimbia kwa meli yake, akakataliwa kushuka Mombasa, akashukia Dar es Salaam na kwenda Uingereza. Hakukuwa na serikali nyingine ya kungojewa irudi. Kilichowachelewesha wakubwa ni hofu ya Ukomunisti kuota mizizi visiwani. Kampala 1971 mambo yalikuwa kinyume chake. Rais Milton Obote wa Uganda, kwa Tamko la Nakivubo la Mei 1, 1970, alikuwa ametangaza kuchukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa, mengi yakiwa ya Waingereza. Na Januari 1971 alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akisimama pamoja na Nyerere na Kaunda kumpinga Waziri Mkuu Edward Heath aliyetaka kuiuzia silaha Afrika Kusini ya makaburu. Akiwa bado safarini, jeshi likachukua nchi. London haikulia.

Kutambua serikali ni uamuzi. Anayetambua haraka ameamua, anayesuasua ameamua, na anayekataa naye ameamua. Anayejificha nyuma ya maneno "tunaangalia hali halisi" anataka tu asiulizwe sababu zake. Mwalimu Nyerere aliulizwa sababu, akazisema hadharani, na akaishi na gharama yake kwa miaka minane. Mimi niko upande wake. Lakini siwezi kuandika kana kwamba msimamo ule haukuwa na nyufa, maana nyufa zake ndizo zinazofundisha zaidi.

Obote alitua Nairobi, hakukaa, akaja Dar es Salaam. Alipokewa kama rais, si kama mkimbizi. Serikali ya Tanzania ikasema haitautambua utawala wa Amin, na Mwalimu akasema hawezi kukaa meza moja na muuaji. Mezani pa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenyatta alichaguliwa na watu, yeye Nyerere alichaguliwa na watu. Je, Amin angekuwa anamwakilisha nani? Hoja yake ilikuwa hiyo. Mwezi mmoja baadaye, kwenye kikao cha mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa, zilifika jumbe mbili za Uganda, mmoja wa Obote na mwingine wa Amin, kila mmoja ukidai kiti. Kikao kikavunjika bila kuamua. Mkutano wa wakuu wa nchi wa mwaka huo, uliokuwa umepangwa kufanyika Kampala, ukahamishiwa Addis Ababa.

Sasa ufa wa kwanza. Siku Amin alipochukua nchi, watu walimiminika barabarani Kampala wakishangilia. Hawakulazimishwa. Mei 1966 jeshi la Obote, chini ya Amin huyohuyo, lilishambulia jumba la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, huko Mengo. Mutesa akatoroka, akafia London mwaka 1969. Obote alikuwa ameisimamisha katiba mwaka 1966, akafuta falme kwa katiba ya 1967, na uchaguzi mkuu haukuwa umefanyika tangu 1962. Amin alipourudisha mwili wa Mutesa ukazikwe nyumbani, Baganda wengi waliona mtu wa kwanza kuwatendea haki baada ya miaka mitano. Kwa hiyo Muganda wa mwaka 1971 angeweza kumwuliza Mwalimu swali zito: huyo unayemwita rais halali, uhalali wake ulikuwa umebaki wapi?

Sijaona jibu lililomaliza swali hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba kupoteza sifa kwa mtawala hakumpi mwanajeshi hati ya kumrithi. Hata hivyo Mwalimu alikuwa anamtetea rafiki, na urafiki ule ulimfanya asione vizuri kilichokuwa kimetokea Mengo. Miaka tisa baadaye jambo hilo lingerudi.

Tuingie mahali ambapo mambo yalibana kwelikweli: Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanaozungumzia msimamo wa Mwalimu kama suala la heshima na hotuba wanasahau kwamba mwaka 1971 Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwa majirani wa kupeana mikono mpakani tu. Mkataba uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 ulikuwa umezifunga nchi tatu kwa mashirika ya pamoja. Reli na ndege zilikuwa na makao makuu Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, Benki ya Maendeleo nayo Kampala, na makao ya Jumuiya yenyewe yalikuwa Arusha. Juu ya yote hayo palikuwa na Mamlaka, chombo cha watu watatu tu: marais wa nchi hizo. Bajeti ya Jumuiya, sheria zake na uteuzi wa viongozi wake wakuu vilihitaji ridhaa ya wote watatu.

Mamlaka haikukutana tena baada ya Januari 1971. Hata mara moja. Chombo cha watu watatu kikiwa na wawili wasioketi pamoja, basi hakipo, na mkataba haukuwa na kifungu cha kusema ifanyike nini mmoja wao akipinduliwa. Walioandika waliwaza bei za bidhaa na mgawanyo wa viwanda. Hakuna aliyewaza kifaru.

Baba yangu mdogo alikuwa mtumishi wa Posta na Simu, Mtanzania aliyehamishiwa Kampala makao makuu yalipopelekwa huko. Nilimwuliza mara nyingi ilikuwaje kufanya kazi katika mji ambao serikali yake haitambuliwi na rais wako. Majibu yake hayakuwa ya siasa. Alikuwa akieleza jinsi mafundi wa mitambo walivyoendelea kuunganisha simu za Kampala na Dar es Salaam kila siku, wakiamkiana kabla ya kazi, kwa sababu waya haukuwa wa Amin wala wa Nyerere, ulikuwa wa shirika. Mishahara ilitoka. Fomu zilijazwa. Lakini jambo lolote lililohitaji saini ya juu kabisa lilikwama, na kila mtu kazini alijua limekwama wapi. Mtanzania alianza kupima maneno mbele ya wenzake. Wengine wakaomba likizo wasirudi. Naye hatimaye aliondoka, na mpaka uzee wake alikuwa akisema jambo moja lililonikaa: "Mwanangu, wakubwa wakikataana, anayebaki kuonana na mwenzake uso kwa uso ni karani."

Nyaraka zilisafiri badala ya marais. Mawaziri wa Jumuiya walizunguka na makaratasi kutoka mji hadi mji, Nairobi ikiwa katikati. Kenya ilinyamaza na kuendelea na kazi zake. Mizigo ya Uganda ilipitia Mombasa, soko la Uganda lilikuwa muhimu kwa viwanda vya Kenya, na Mzee Kenyatta hakuona sababu ya kuvuruga hayo kwa ajili ya Obote. Simlaumu sana. Ila nasema na huo ulikuwa uamuzi, wenye faida zake na wenye wafu wake upande wa pili wa mpaka.

Ni kosa kusema Jumuiya ilikufa mwaka 1977 kwa sababu ya Amin peke yake. Ugomvi wa Kenya na Tanzania juu ya fedha, juu ya shirika la ndege na juu ya njia ya uchumi ulitosha kuiua, na mpaka uliofungwa Februari 1977 kisha ukafunguliwa Novemba 1983 ulikuwa wa Kenya na Tanzania. Lakini ugomvi ule ulihitaji meza ya kumalizia, na meza hiyo ilikuwa haina watu tangu 1971. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya, ambao tuliwaona kwa miongo wakiandamana Dar es Salaam kudai mafao yao, wengine wakilala barabarani, ni sehemu ya gharama ya yote mawili.

Hapa inafaa tuelewane kuhusu jambo ambalo magazeti hulichanganya kila mara. Tanzania haikuwahi kukataa kuwa Uganda ni nchi. Nchi na serikali ni vitu viwili. Nchi inabaki na mipaka yake, madeni yake, mikataba yake na kiti chake Umoja wa Mataifa, hata kama kila mwezi ina mtawala mpya. Kinachokataliwa ni mtu fulani kusema kwa niaba yake. Na hata uhusiano wa kibalozi unapovunjika kabisa, Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 45, unaitaka nchi mwenyeji iendelee kulinda jengo la ubalozi, mali zake na kumbukumbu zake. Mwalimu mwenyewe alikuwa na uzoefu wa silaha hizi zote. Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, akapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, na uhusiano haukurudi mpaka 1968. Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Unaweza kumpinga kwa lolote kati ya hayo, lakini huwezi kusema alikuwa hajui uzito wa neno lake.

Gharama za upande wa pili, za kuchelewa, zilionekana Zanzibar. Katika siku zile 42 serikali ya Karume ilichoka kungoja, ikawataka wanadiplomasia wa Uingereza na Marekani waondoke, na walioingia kwa kasi walikuwa China, Urusi ya Kisovieti na Ujerumani Mashariki. Kisha Aprili 26, 1964 ukaja Muungano, na Dar es Salaam ikarithi tatizo ambalo haikulianzisha: Ujerumani Mashariki ilikuwa na ubalozi Unguja, na Ujerumani Magharibi ilikuwa na ubalozi Dar es Salaam pamoja na sera ya kukata uhusiano na yeyote atakayeitambua Berlin Mashariki. Nchi moja haiwezi kuwa na Wajerumani wa aina mbili kwa utaratibu huo. Mwalimu alitafuta njia ya kati mwaka 1965: Wajerumani Mashariki wafungue ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, haikuridhika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi ghafla. Mwalimu akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Majengo ya Michenzani mjini Unguja, yaliyosanifiwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yanasimama leo kwa sababu ya mvutano wa majuma machache ya mwaka 1964. Wengi wanaoishi mle hawajui, na hawana haja ya kujua, lakini mimi kila nikipita naikumbuka London ikisitasita.

Turudi mpaka wa Mutukula, kati ya Tanzania na Uganda. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania, wakielekea Masaka na Mbarara. Walishindwa vibaya. Ndege za Amin zikapiga Bukoba na Mwanza. Oktoba 5, 1972 Siad Barre wa Somalia akasimamia Makubaliano ya Mogadishu: kila upande urudishe majeshi kilometa 10 kutoka mpakani, propaganda zikome, na hakuna kuwapa hifadhi ya kivita wapinzani wa mwenzako.

Nisomapo makubaliano hayo najiuliza walioyatia saini waliyaonaje. Tanzania haimtambui Amin, lakini imekubaliana na wajumbe wake juu ya mahali pa kusimamisha wanajeshi. Wanasheria wana maelezo ya hilo: kushughulika na mtu aliyeshika bunduki upande wa pili wa mto hakumaanishi umemkubali kuwa halali. Nakubaliana nao. Watu wa Kyaka na Kakunyu walihitaji usalama bila kungoja suala la uhalali limalizwe. Lakini hapohapo ndipo ufa wa pili unapoonekana: kukataa kumtambua mtu kukiendana na kuwapa silaha maadui zake hakubaki kuwa kukataa tu. Ni vita ya chini kwa chini, na uvamizi wa 1972 uliwapa watu wa Amin kisingizio cha kuwaua watu mashuhuri nchini humo. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani mwezi huohuo wa Septemba, hakuonekana tena.

Na wale walioharakisha? Amin alialikwa London Julai 1971 na kula chakula na Malkia. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1972, aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, wengi wao wakiwa na pasi za Uingereza. Waisraeli, marafiki zake wa kwanza, alikuwa ameshawafukuza miezi michache kabla. Uingereza ilivunja uhusiano na Uganda Julai 28, 1976, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe kuwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa, na kuuawa kwa bibi mzee Dora Bloch, mateka aliyekuwa amelazwa hospitali Kampala. Waliofika mwanzo kumtambua, waliondoka wakiwa wamechelewa mno. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao ulifanya mkutano wake Kampala Julai 1975 na kumpa Amin uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia. Taarifa ya Tanzania wakati ule ililaumu Afrika kwa kunyamazia mauaji ya Waafrika ambayo wangeyapigia kelele kama muuaji angekuwa mzungu. Katika yote yaliyoandikwa na wizara yetu ya mambo ya nje tangu uhuru, hilo ndilo ninalojivunia zaidi.

Vita vyenyewe vinajulikana, sitavirudia. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, wakatangaza kuuchukua mpaka mto Kagera. Novemba 2 Mwalimu akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Kinachonishughulisha ni kilichofuata, kwa sababu sasa Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na karatasi ya kutambua mkononi na jeshi mjini. Machi 1979 vikundi vya Waganda vilikutana Moshi, vikaunda umoja wao, vikamteua Yusuf Lule, aliyewahi kuongoza Makerere. Aliapishwa Aprili 13. Juni 20 akaondolewa na baraza lao la mashauriano, baada ya siku 68. Watu waliandamana Kampala wakidai arudishwe, na waliokuwa wakilinda mji ule walikuwa wanajeshi wa Tanzania. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi. Askari wakamwondoa rais, Kampala, majeshi yetu yakiwepo, na Dar es Salaam haikutamka kwamba haiwezi kukaa nao meza moja. Desemba 1980 uchaguzi uliolalamikiwa sana ukamrudisha Obote, na muda si mrefu Yoweri Museveni akaingia msituni.

Swali la Muganda wa 1971 lilikuwa limerudi. Kama kipimo ni namna mtu alivyofika ikulu, kilipaswa kutumika Mei 1980 kama kilivyotumika Januari 1971. Hakikutumika. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishambulia Tanzania kwa kuingilia nchi nyingine, na Binaisa akasimama kuitetea. Mimi naona walishambulia pasipostahili: kumwondoa Amin ilikuwa haki. Pa kuulizia palikuwa ni nani anaingia baada yake, kwa idhini ya nani, na hilo hakuna rais aliyetaka kulifungua pale mkutanoni, maana wengi wao lingewagusa.

Waingereza walijifunza lao kutokana na miaka hiyo. Aprili 1980 serikali yao ilitangaza kwamba kuanzia hapo itatambua nchi tu, si serikali. Itaamua tu kama itafanya kazi na fulani au haitafanya. Mexico ilikuwa imeshasema jambo la jamii hiyo tangu 1930, kwa mdomo wa waziri wake Genaro Estrada, ambaye aliona kupitishwa na wageni ni matusi kwa taifa dogo. Estrada namwelewa: alikuwa akiisemea nchi iliyochoka kupimwa na jirani mkubwa. London ya 1980 ilikuwa ikijipunguzia maswali bungeni.

Afrika ilikwenda njia nyingine, na hapa naona mkono wa Dar es Salaam. Julai 1996 Pierre Buyoya alipochukua nchi Burundi kwa mara ya pili, wakuu wa kanda walikutana Arusha ndani ya wiki moja wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi vilivyodumu mpaka Januari 1999. Mwalimu alikuwa msuluhishi. Vikwazo viliwaumiza wanyonge, na yeyote aliyekuwa Bujumbura wakati wa uhaba wa mafuta na mbolea atakwambia. Lakini viliipeleka serikali ile mezani, na Makubaliano ya Arusha yakatiwa saini Agosti 2000. Mwezi mmoja kabla yake, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umepitisha Azimio la Lomé: serikali inayoingia kwa kupindua inasimamishwa kushiriki vikao vya maamuzi vya umoja huo. Alichokisema mtu mmoja akiwa karibu peke yake mwaka 1971 kikawa kanuni ya bara zima.

Kanuni hiyo inatumika kwa wengine na kwa wengine haitumiki. Mali 2020, Guinea 2021, Burkina Faso 2022, Niger na Gabon 2023, zote zilisimamishwa. Chad, Aprili 2021, Idriss Déby alipokufa na baraza la majenerali likamweka mwanawe Mahamat kinyume cha katiba, haikusimamishwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa Sahel. Na anayebadili katiba akiwa tayari ikulu ili asitoke, Azimio la Lomé halikumtaja, na hata Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa 2007, uliomtaja, haujamgusa kwa vitendo. Ningependa nchi yangu, ambayo ina historia ya kusema hapana ikiwa na mengi ya kupoteza, iseme wazi mbele ya Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika kwamba N'Djamena ya Chad ilistahili kutendewa kama Niamey ya Niger, na isitangulie kutuma pongezi mahali ambapo kura bado zinabishaniwa.